Ajali ya Hesperus: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nimelisoma na kulifundisha kwa miaka mingi shairi la Henry Wadsworth Longfellow liitwalo "The Wreck of the Hesperus", yaani kuvunjika kwa merikebu Hesperus, na maswali yanayokuja ni yale yale: darasani, kwa walimu wenzangu, kwa wazazi waliokuta mtoto analia na kitabu mkononi. Nimeyakusanya hapa. Yanaanza na ya msingi na kuishia na ya watu waliokwisha kulisoma mara tatu nne. Beti nimezitaja kwa namba ili uweze kufuata katika nakala yako.

## Mambo ya mwanzo

Shairi linasimulia nini, kwa ufupi?

Nahodha wa Hesperus anasafiri majira ya baridi, na amemchukua binti yake mdogo ili apate mtu wa kufuatana naye. Baharia mzee anamsihi waingie bandarini kwa kuwa ameona dalili za kimbunga. Nahodha anacheka. Dhoruba inashuka pamoja na theluji. Nahodha anamfunika mtoto kwa koti lake, anakata kamba, anamfunga kwenye mlingoti. Mtoto anamwuliza baba yake maswali matatu. Mawili anajibiwa. La tatu halijibiwi, kwa sababu baba ameshaganda kwa baridi pale pale kwenye usukani. Merikebu inasukumwa hadi kwenye mwamba wa Norman's Woe, wimbi linawazoa mabaharia wote, chombo kinapasuka na kuzama. Alfajiri mvuvi anaukuta mwili wa binti ukielea, bado umefungwa kwenye mlingoti.

Ni beti 22 tu. Lisome kwa sauti, polepole, kabla ya kuendelea na maswali mengine. Hakuna maelezo yatakayoziba nafasi ya kulisikia.

Longfellow alikuwa baharia?

Hapana. Alikuwa profesa wa lugha za Ulaya katika Chuo Kikuu cha Harvard, na alipoliandika alikuwa na umri wa miaka 32. Lakini alizaliwa mwaka 1807 huko Portland, Maine, mji wa bandari, na mtoto aliyekulia bandarini huyajua majina ya vyombo na kamba zake hata kama hajawahi kushika usukani. Pia alikuwa amezama katika baladi za kale za Scotland na Ujerumani, nyimbo za masimulizi zilizopita mdomo kwa mdomo kabla ya kuandikwa. Vyanzo vyote viwili vinaonekana humu: msamiati ni wa bandarini, mwendo wa kisa ni wa baladi.

Liliandikwa lini?

Usiku mmoja mwishoni mwa Desemba 1839. Aliandika katika shajara yake kwamba alikuwa ameketi karibu na moto usiku wa manane akivuta tumbaku, ghafla likamjia wazo la kuandika baladi ya Hesperus. Akaiandika, akaenda kulala, usingizi ukagoma kwa sababu mawazo mapya yalikuwa yanaendelea kuja, akaamka tena kuyaongeza. Ilipofika saa tisa usiku ndipo akalala. Alisema pia kwamba shairi lilimjia beti kwa beti, si mstari kwa mstari. Lilichapishwa Januari 1840 katika gazeti la New World, akalipwa dola 25.

Jina Hesperus lina maana gani?

Ni jina la Kigiriki la nyota ya jioni, yaani Zuhura inapoonekana magharibi baada ya jua kuchwa. Nyota hiyo nayo huzama muda si mrefu baadaye.

## Kisa na historia yake

Je, ni kisa cha kweli?

Vitu vyake ni vya kweli, lakini vimeunganishwa na mshairi. Desemba 1839 pwani ya New England, kaskazini mashariki mwa Marekani, ilipigwa na dhoruba kali zilizovunja vyombo vingi. Tarehe 17 mwezi huo Longfellow aliandika katika shajara yake habari za kutisha alizozipata: maiti 20 zimetupwa ufukweni karibu na Gloucester, mmoja wao amefungwa kwenye kipande cha merikebu. Akautaja mwamba wa Norman's Woe, akaitaja Hesperus, akasema lazima aandike baladi juu ya jambo hili.

Merikebu iitwayo Hesperus ilikuwepo, lakini ilipatwa na dhoruba upande wa Boston, si kwenye mwamba ule. Inayohusishwa zaidi na Norman's Woe ni nyingine, Favorite, iliyotoka Wiscasset, Maine, ambayo watu wake wote walikufa, akiwemo mwanamke anayesemekana alikutwa amefungwa kwenye mlingoti. Mshairi alichukua jina la chombo kimoja, mahali pa kingine, na maiti ya mtu asiyemjua. Nahodha, kicheko chake na maswali ya mtoto ni vya kubuni.

Wasomaji wengine huvunjika moyo wakisikia hivyo. Sioni sababu. Mwili uliofungwa kwenye ubao ulikuwepo kweli, na shairi zima ni jibu la swali ambalo yeyote angejiuliza akiuona: nani alimfunga huyu, na alikuwa anawaza nini wakati anafunga?

Norman's Woe ni wapi?

Ni mwamba karibu na mlango wa bandari ya Gloucester, Massachusetts. Bado upo. Neno "woe" ni msiba, ole, majonzi, na Longfellow alitambua thamani ya jina hilo: amelifanya neno la mwisho la ubeti wa 15 na neno la mwisho la shairi zima.

Gloucester ni mji wa wavuvi tangu karne ya 17, na zaidi ya wavuvi 5,000 wa mji huo wamepotelea baharini. Mwaka 1925 palisimamishwa sanamu ya baharia aliyeshika usukani kwa mikono miwili, macho yake yanatazama mbele baharini. Anayelijua shairi hili hawezi kuitazama bila kumkumbuka nahodha wa ubeti wa 13.

"Upepo wa kaskazini mashariki" ni kaskazi yetu?

Mwelekeo ni ule ule, tabia ni tofauti kabisa, na wasomaji wa pwani yetu hukosea hapa. Kaskazi ya Afrika Mashariki ni upepo wa misimu, wa miezi, unaotabirika. Ndio uliozileta jahazi kutoka Arabuni na Uajemi kwa karne nyingi. Upepo wa ubeti wa 6 ni wa dhoruba za majira ya baridi zinazopanda kufuata pwani ya mashariki ya Marekani. Unatoka baharini, unasukuma vyombo kuelekea nchi kavu, na unakuja na theluji. Mtu akisoma "kaskazi" akawaza shwari ya Januari kule Lamu, ubeti umempotea.

Kwa nini baharia mzee anasema kimbunga, kama dhoruba yenyewe ni ya theluji?

Kwa sababu ya alikotoka. Ubeti wa 4 unasema aliwahi kusafiri "Spanish Main", yaani pwani za bara zinazoizunguka bahari ya Karibi, zilizotawaliwa na Hispania. Huko ndiko kwenye vimbunga. Anaiita hatari kwa jina analolijua. Ni mzee aliyeona mengi, na mshairi ametuambia hivyo kwa mstari mmoja.

## Nahodha, mzee na binti

Duara la dhahabu kuzunguka mwezi ni ushirikina?

Hapana, ni elimu ya mabaharia, na sayansi inaiunga mkono. Duara hutokea mwanga wa mwezi unapopita katika chembe za barafu zilizo kwenye mawingu membamba ya juu sana. Mawingu hayo mara nyingi hutangulia hali mbaya ya hewa. Kisha mawingu mazito hufuata na mwezi hauonekani tena. Soma tena ubeti wa 5: jana mwezi ulikuwa na duara la dhahabu, leo hatuuoni kabisa. Mzee ametaja hatua mbili kwa mpangilio sahihi.

Dalili ya mwezi ni ya kimapokeo pia katika baladi. Katika "Sir Patrick Spens", baladi ya Scotland, baharia anaonya kwa kuona mwezi mwandamo umebeba mwezi wa zamani mkononi mwake. Longfellow aliijua.

Nahodha hakuona dalili yoyote mwenyewe?

Aliona, na hapa ndipo ninapowaomba watu wasimame. Rudi ubeti wa 3, kabla mzee hajafungua kinywa. Nahodha amesimama kando ya usukani, kiko mdomoni, anatazama moshi wake: mara unakwenda magharibi, mara kusini.

Sasa piga hesabu. Moshi ukienda magharibi, upepo unatoka mashariki. Ukienda kusini, upepo unatoka kaskazini. Weka mashariki na kaskazini pamoja utapata kaskazini mashariki, upande ule ule ambao dhoruba itatokea katika ubeti wa 6. Kiko chake kilikuwa kimemwambia jambo lile lile ambalo mzee atamwambia kwa mwezi. Alikuwa anatazama. Na alipoonywa, jibu lake lilikuwa kupuliza moshi wa kiko hicho hicho na kucheka kwa dharau.

Kwa hiyo kosa lake si ujinga. Ni mtu anayeona dalili na kuamini kwamba dalili hizo ni kwa ajili ya wengine.

Basi funzo ni "asiyesikia la mkuu huvunjika guu"?

Hili ndilo jibu ninaloletewa na kila darasa, tena kwa fahari, na ninawaambia ni nusu ya shairi. Methali hiyo inamhusu asiyesikia, naye ndiye anayevunjika guu. Tazama nani anakufa humu. Mzee aliyeonya anakufa. Mabaharia ambao hawakuulizwa wanakufa. Mtoto ambaye hakuchagua hata safari anakufa, na yeye ndiye anayekufa mwisho, peke yake, baada ya kuuona uso wa baba yake umekauka. Kama Longfellow alitaka kutupa methali, angemwacha mzee aogelee mpaka pwani.

Nusu ya pili imo katika ubeti wa 8 na wa 9. Sauti iliyocheka sasa inasema: njoo hapa, mwanangu, usitetemeke hivyo, hakuna dhoruba nisiyoiweza. Bado ni majivuno. Lakini anayasema ili mtoto asiogope, na hapo hapo anavua koti lake. Fikiria anavua koti katika baridi gani. Shairi halisemi kwamba alikufa kwa sababu ya kulivua, ila tangu ubeti wa 9 koti liko kwa mtoto, na ubeti wa 12 baba ameganda.

Majivuno na mapenzi yametoka kwa mtu mmoja, usiku mmoja, na shairi halijatupa kisu cha kuyatenganisha. Msomaji anayemlaani nahodha tu, na msomaji anayemlilia tu, wote wawili wameruka ubeti.

Kwa nini alimfunga mtoto kwenye mlingoti? Si ndiko kulikomwua?

Ilikuwa desturi ya mabaharia. Mawimbi yakipanda juu ya sitaha, mtu asiyefungwa anachukuliwa. Nahodha mwenyewe amefungwa kwenye usukani, ubeti wa 13. Na kamba ilifanya kazi yake: katika ubeti wa 17 wimbi moja linawafagia mabaharia wote kama vipande vya barafu, mtoto haendi nao.

Kamba ilimkinga na wimbi. Haikuweza kumkinga na mwamba wala na baridi. Mlingoti ulipokatika ulikwenda naye. Angalia pia kamba ilikotoka: aliikata kutoka kwenye boriti ya tanga iliyokwisha kuvunjika. Chombo kilikuwa kimejeruhiwa tayari, na baba anamkinga mwanawe kwa mabaki ya kitu kilichoshindwa.

Katika Kiingereza cha ubeti wa 13 na wa 20 neno la kufungwa ni moja kwa wote wawili, "lashed": baba kwenye usukani, binti kwenye mlingoti. Ukitafsiri, usilibadilishe katikati.

Binti ana umri gani?

Shairi halisemi. Ubeti wa 1 na wa 8 humwita binti mdogo, na maswali yake ni ya mtoto. Ubeti wa 2, wa 14 na wa 20 humweleza kama msichana anayekua. Wengine huona ni dosari, nami nakubali kwamba ubeti wa 2 umekopa sifa za warembo wa baladi bila kumfikiria mtoto huyu. Ninapousoma kwa sauti humwona msichana wa miaka kumi hivi, lakini hiyo ni picha yangu.

Yale maswali matatu yana siri gani?

Yanapanda hatua kwa hatua. Kwanza anasikia kengele za kanisa. Baba anasahihisha: ni kengele ya ukungu kwenye pwani ya miamba, na anageuza chombo kuelekea bahari kuu. Ni uamuzi sahihi wa ubaharia, kukimbia nchi kavu wakati wa dhoruba, ila umechelewa. Angalia sikio la mtoto: sauti ya hatari ameisikia kama sauti ya nyumbani, ya Jumapili.

Pili anasikia mizinga. Baba anasema ni chombo kilicho taabuni, kisichoweza kupona katika bahari yenye hasira kama hii. Anajieleza mwenyewe bila kujua.

Tatu anaona mwanga unaomeremeta. Hapa hakuna jibu, na sisi pia hatuambiwi. Huenda ni mnara wa taa. Eastern Point pale Gloucester palikuwa na mnara tangu 1832. Mwanga pekee tunaouona baadaye, ubeti wa 13, ni wa taa ya merikebu ukimulika macho ya maiti. Mkifika hapo darasani nyamazeni kidogo kabla ya kusoma mstari wa tatu wa ubeti wa 12. Nimeona wanafunzi wakubwa, wavulana wa kidato cha nne, wakiinua vichwa wote kwa pamoja kungojea jibu la baba.

Mpango huu wa mtoto kuuliza na baba kujibu ndani ya hatari unafanana na wa baladi ya mshairi Mjerumani Goethe, "Erlkönig", ya 1782, ambamo mtoto ndiye anayekufa mikononi mwa baba. Longfellow amegeuza: anayenyamaza ni baba.

Kwa nini dua ya binti haikujibiwa?

Ubeti wa 14 unamkumbusha Kristo aliyetuliza mawimbi katika ziwa la Galilaya. Katika Injili ya Marko sura ya 4 upepo unakoma, "kukawa shwari kuu". Humu ubeti unaofuata unaanza na merikebu ikikimbia gizani kama mzuka aliyevikwa shuka. Longfellow hajaeleza, wala hajalaumu. Ubeti wa mwisho nao ni dua, Kristo atuepushe sote na kifo kama hiki, kwa hiyo shairi halijaacha kuomba. Wasomaji Waislamu na Wakristo nimewasikia wakilijadili hili kwa heshima kubwa, kila mmoja kwa elimu yake, na sidhani ni kazi ya mwalimu wa fasihi kulifunga.

## Lugha na ufundi

Maneno gani huwapotosha wasomaji?

Machache, lakini yanapotosha kweli. "Flaw" katika ubeti wa 3 si kasoro, ni upepo wa ghafla. "Shrouds" katika ubeti wa 19 si sanda, ni kamba nene zinazoushikilia mlingoti pande mbili, ingawa maana ya sanda inasikika kwa mbali, na si kwa bahati mbaya. "Stove" ya ubeti huo huo si jiko. Ni kitenzi, kupasuliwa ubavu. Na mlingoti kwenda "by the board" ni kukatika na kuangukia baharini.

Kwa nini kuna alama juu ya herufi katika "daughtèr" na "Sailòr"?

Zinamwambia msomaji ahamishie mkazo kwenye silabi ya mwisho, kama walivyofanya waimbaji wa baladi za kale. Bila hivyo mwendo unavunjika.

Mizani na vina vyake vikoje ukilinganisha na utenzi?

Utenzi wetu unahesabu silabi: mizani minane kila kipande, vipande vinne, vitatu vya kwanza vina kina kimoja, na cha nne kina kina kingine, kiitwacho bahari, kinachorudi toka mwanzo hadi mwisho. Baladi ya Kiingereza inahesabu mkazo, si silabi. Mstari wa kwanza na wa tatu una mikazo minne, wa pili na wa nne mitatu, na vina ni vya wa pili na wa nne peke yake. Ndiyo maana silabi hupungua na kuongezeka bila mshairi kuhesabiwa kosa.

Lakini sikio lililolelewa na tenzi linanasa kitu ambacho wengine hukipita. Beti za 10, 11, 12 na 14 zina kina kimoja, sauti ya "ii", na ndicho pia cha ubeti wa 1 na wa 5. Ni kama bahari iliyojificha. Neno linalobeba kina hicho mara tatu ni "sea", bahari yenyewe. Ubeti wa 10 unaishia na bahari. Wa 11 unaishia na bahari. Wa 12, sikio likingoja bahari, linapewa "he": yeye, baba, maiti.

Kwa nini tashbihi zake ni za shambani?

Kwa sababu bahari inaelezwa kwa macho ya watu wa nchi kavu ambao hawatairudia. Povu ni kama hamira inayoumuka. Merikebu inashtuka kama farasi aliyetishwa. Mawimbi juu ya mwamba yanaonekana laini kama sufu iliyochambuliwa, kisha, mstari unaofuata, miamba inapiga ubavu kama pembe za fahali mwenye hasira. Sufu na pembe katika ubeti mmoja, wa 18. Kwangu ndio ubeti bora wa shairi: ulaini ule ni wa macho tu, na chombo kiko juu yake tayari.

Fuata pia alfajiri. Katika ubeti wa 2 mashavu ya binti ni kama mapambazuko. Katika ubeti wa 20 anakutwa mapambazuko. Macho yake yalifananishwa na ua la bluu. Mwishoni nywele zake zinafananishwa na mwani. Maua yamekwisha, imebaki mimea ya baharini.

"Ho! ho!" ya ubeti wa 19 ni ya nani?

Ni ngurumo ya mawimbi, na ni kicheko. Nahodha alicheka kwa dharau katika ubeti wa 5. Bahari imemrudishia, wakati hayupo tena wa kusikia.

## Maswali ya waliokwisha kulisoma

Kama wote walikufa, nani aliyasikia mazungumzo?

Hakuna. Msimulizi wa baladi ana ruhusa ya kuwa mahali pasipo na shahidi. Shahidi pekee ni mvuvi, naye hasemi neno. Anasimama kwa fadhaa. Kila kilicho kabla ya ubeti wa 20 ni kile ambacho mwili ule haungeweza kumwambia.

Nikilitafsiri kwa Kiswahili, nianzie wapi?

Anza na vyombo, kwa sababu hapo Kiswahili kina utajiri: nahodha, usukani, mlingoti, tanga, foromali, sitaha. Chombo chenyewe ni merikebu ya milingoti, si jahazi, maana tanga za jahazi ni za namna nyingine. Ugumu uko kwenye baridi. Tuna neno moja, barafu, kwa vitu ambavyo shairi linavitofautisha: barafu inayoninginia, barafu iliyovika kamba, maji ya chumvi yaliyoganda kifuani. Usilazimishe majina mapya, eleza kinachoonekana.

Katika mazungumzo, mzee amwite mkubwa wake "nahodha" na amsihi kwa adabu, kwa sababu Kiingereza chake ni cha unyenyekevu. Mtoto aseme "Baba" mara tatu, hivyo hivyo, bila kupamba.

Kwa nini Waingereza na Wamarekani hulitaja kwa mzaha?

Vizazi vya wanafunzi vililazimishwa kulikariri, na kinachokaririwa kwa fimbo huzaa masihara. Likatoka hata msemo: mtu aliyevurugika nywele na mavazi huambiwa anafanana na ajali ya Hesperus. Masihara hayo hayaligusi shairi lenyewe. Msomaji wetu anayelikuta kwa mara ya kwanza ana bahati ya kulisikia likiwa zima.

Je, nilifundishe mahali ambapo watoto wamefiwa baharini?

Swali hili limenijia zaidi baada ya msiba wa MV Spice Islander mwaka 2011, na sina jibu moja. Nimewahi kuliahirisha muhula mzima kwa ajili ya mtoto mmoja. Wewe unawajua watoto wako. Ukiamua kulifundisha, waambie mapema linaishaje, usimfanye mtu yeyote alisome kwa sauti bila hiari yake, na usiulize swali la "kosa lilikuwa la nani" siku ya kwanza.

Nina kipindi kimoja tu. Nisome beti zipi?

Ubeti wa 3, kisha wa 8 hadi wa 13, kisha wa 20 na wa 21. Utaacha mwamba na ngurumo, ambavyo watoto watavitafuta wenyewe nyumbani. Waachie moshi wa kiko, koti, kamba, swali lisilojibiwa, na nywele zinazopanda na kushuka juu ya maji mbele ya mvuvi.